Gari linatangatanga barabarani: kabla hujanunua boksi la stelingi

Msomaji wa Tandahimba ameniandikia hivi:

"Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser pikapu, mkonga wa kabini moja, injini ya 1HZ, mbele ina koili. Nilinunua mkononi kwa mtu miaka miwili iliyopita. Msimu ukifika nabebea korosho, baadaye ufuta, na katikati mizigo ya dukani. Nilipoipata niliinyanyua mbele kwa koili ndefu, inchi mbili, na nyuma nikaongeza vyuma viwili kwenye springi ili isilale na mzigo. Tangu msimu uliopita usukani umelegea. Kwenye vumbi nazoea, lakini nikishika lami pale Mnivata, nikifika 80 gari inatafuta njia yenyewe, mara kulia mara kushoto, mikono haitulii. Cha ajabu, nikirudi tupu ndiyo inasumbua kuliko nikiwa na mzigo. Usukani nauzungusha vidole vinne kabla magurudumu hayajaitika. Boljointi za tairodi nimebadilisha zote mara mbili. Fundi wa hapa akakaza boksi la stelingi, ulegevu ukapungua, lakini sasa nikikata kona usukani haurudi, mpaka niurudishe kwa mkono. Naambiwa ninunue boksi jingine. Ninunue?"

Marahaba, mdogo wangu. Usinunue. Boksi, yaani kasha la meno linalopokea mzunguko wa usukani na kuupeleka kwenye rodi za magurudumu, ni kitu cha bei, na katika yote uliyoniandikia hakuna hata moja linalonionyesha kwamba boksi lako limekufa. Ila nakuomba kitu kimoja kabla ya mengine yote: mpaka hilo boksi lirekebishwe, usiende mwendo mkali na usibebe watu. Usukani usiorudi wenyewe baada ya kona ni hatari kuliko usukani wenye plei, yaani ulegevu kabla magurudumu hayajaitika, maana dereva akishtuka akakata ghafla kukwepa mbuzi, gari hubaki pale alipolikatia.

Nionavyo mimi una magonjwa mawili, na la tatu umetengenezewa gereji. Ugonjwa wa kwanza ni kulegea: unazungusha usukani, magurudumu yanachelewa kujibu. Wa pili ni kutangatanga: magurudumu yenyewe hayana nia ya kwenda mbele, hata pasipo na kitu kilicholegea. Dereva akiwa kwenye kiti huhisi vyote viwili kwa namna moja, kwamba mikono haitulii, na hapo ndipo pesa inapopotea. Watu hununua boljointi, vile viungo vya mviringo kwenye ncha za rodi, kutibu kutangatanga, na hukaza boksi kutibu bushi, ule mpira wa kwenye kiungo, iliyokwisha. Nimeshaendesha pikapu ambayo stelingi yake haikuwa na plei hata ya unywele na bado ilinichosha mabega kutoka Mingoyo mpaka Lindi mjini. Nimeendesha na kuukuu lililolegea kila mahali, likanyooka vizuri tu. Kwa hiyo tuyatenganishe.

Tuanze na kulegea, kwa sababu hapo ndipo kuna kufa.

Usilioshe gari. Najua ukisema gari linakwenda gereji, kijana hupita nalo kwanza kwa waosha magari ili fundi asichafuke. Safari hii lilete na uchafu wake. Vumbi la njia yako ni shahidi, kwa sababu chuma kinachocheza hakikai na vumbi. Ingia chini na tochi, asubuhi gari likiwa limepoa, utazame kila boliti na kila kiungo kutoka kwenye boksi mpaka kwenye gurudumu. Boliti iliyokaza ina vumbi lililotulia sawasawa mpaka kwenye kingo za nati. Iliyolegea ina mwezi mwembamba unaong'aa pembeni mwa washa, pale chuma kinaposugua chuma, na chini ya ule mwezi kuna unga wa kutu wa kahawia iliyokolea, mwepesi kuliko udongo. Ukiupangusa na kidole unaacha alama kama ya kahawa. Mara nyingi nimeujua ugonjwa kwa tochi kabla sijashika spana. Maji ya presha yanafuta ushahidi wote huo kwa dakika mbili, na juu ya hapo yanaingiza maji ndani ya mipira ya boljointi.

Baada ya hapo tafuta mtu wa kukaa kwenye usukani. Gari liwe chini, limesimama juu ya magurudumu yake kwenye ardhi ngumu, hendibreki imevutwa, magurudumu ya nyuma yamewekewa mawe, na injini inawaka. Injini lazima iwake. Ikiwa imezimwa, ndani ya boksi la pawa stelingi kuna kijiti cha chuma ambacho hujipinda kidogo kabla ya nguvu kupita, na hiyo inaonekana kama plei wakati siyo. Hata hicho kipimo chako cha vidole vinne, kama ulikipima injini imezimwa, kirudie. Vidole vinne vya mtu mzima ni kama sentimita 7. Vitabu vya mafundi kwa magari ya namna hii huweka kikomo cha milimita 30 hadi 40 ukipima kwenye duara la nje la usukani, kwa hiyo hata ukipata nusu ya ulichosema tayari uko mpakani.

Msaidizi wako asizungushe usukani kwa nguvu. Autikise tu, kushoto kulia, kushoto kulia, kiasi cha ile plei na kidogo zaidi, bila kuacha. Wewe uko chini. Usitazame kila kitu kwa mara moja. Fuata njia ya nguvu kama unavyofuata mfereji wa maji kutafuta panapovuja. Nguvu inatoka kwenye usukani, inashuka kwenye nguzo yake, inapita kwenye msalaba ulioko chini ya boneti, inaingia kwenye boksi, inatoka kwenye mkono wa boksi ambao mafundi wengine huuita pitimani, inaingia rodi inayokwenda kwenye gurudumu la kwanza, halafu tairodi inayounganisha gurudumu hilo na la pili. Mahali ambapo upande wa kwanza unasogea na wa pili bado umelala, hapo ndipo pamevuja. Kwenye kiungo ambacho macho hayaamui, weka kiganja kizima juu yake, nusu kwenye kichwa cha boljointi na nusu kwenye mkono ilikofungwa. Kiungo kizima hukusukuma kiganja kwa pamoja. Kilichokwisha hukugonga, unasikia mpigo mdogo ndani ya mfupa wa kidole kabla ya kusikia sauti. Ukishausikia mara moja hutausahau.

Sasa kuhusu boljointi zako ulizobadilisha mara mbili. Inawezekana zilikuwa spea dhaifu, zipo nyingi madukani. Lakini fundi akibadilisha kitu kilekile mara mbili na kikalegea tena, mimi huacha kutazama kitu hicho na kutazama kinachokishika. Shina la boljointi halijanyooka kama boliti. Limechongwa kama karoti, na tundu linaloingia limechongwa hivyohivyo, ili vikibanwa viwe kitu kimoja. Gari likitembea muda mrefu na nati iliyolegea, tundu lile hupanuka na kuwa kama yai. Hapo hata ukiweka boljointi mpya kutoka Japani, itakaa wiki mbili na kuanza kucheza. Itoe, futa tundu likauke, paka shina jipya mafuta kidogo yenye rangi au masizi, liingize na kulizungusha, ulitoe. Rangi ikibaki imeenea pande zote, tundu ni zima. Ikigusa juu tu, au upande mmoja, mkono ule umekwisha na ndio wa kubadilishwa.

Na kotapini, kile kipini kinachopita kwenye nati kuizuia isirudi. Kuna pikapu moja ililetwa kwangu wakati wa korosho, mwenyewe akilalamikia usukani mzito tu. Nilipomulika nati ya tairodi ya kushoto, mahali pa kotapini palikuwa na msumari wa inchi mbili, umekunjwa upande mmoja, na upande wa pili umeshaliwa umebaki mwembamba kama sindano. Nati ilikuwa imerudi nyuzi tatu. Gari hilo lilikuwa limetoka kushuka mteremko wa Newala asubuhi hiyohiyo na magunia nyuma. Sikulala vizuri usiku ule. Kotapini ni kitu cha shilingi chache. Kila nati ya stelingi inayotolewa irudishwe na kotapini mpya, siyo ile ya zamani iliyonyooshwa, siyo waya, siyo msumari.

Wakati msaidizi wako bado anatikisa, hamisha macho. Kuna rodi moja inayotoka kwenye chasisi upande mmoja na kwenda kwenye ekseli upande wa pili, imelala karibu sambamba na rodi ya boksi. Hiyo ndiyo panhadi. Kazi yake ni kuizuia ekseli isitembee pembeni chini ya gari. Kwenye magari ya koili mimi huishuku hiyo kabla ya boksi, kila mara. Bushi zake zikiisha, au tundu la boliti yake likipanuka, unachokizungusha kwenye usukani kwanza kinaisukuma ekseli nzima kwenda pembeni, halafu ndipo magurudumu yanakata. Dereva anaona plei, fundi anaona boksi, kumbe ni bushi mbili za mpira. Njia ya kuiona ni rahisi: tazama nafasi kati ya ekseli na chasisi wakati usukani unatikiswa. Ikipanuka na kusinyaa, umempata. Gari lako limenyanyuliwa, kwa hiyo panhadi imesimama kwa mshazari zaidi kuliko ilivyokusudiwa na bushi zake zinafanya kazi ngumu; nisingeshangaa ukiikuta imekwisha. Kama mtu amewahi kuishusha kwa kuichomelea kibao upande wa chasisi bila kuishusha na rodi ya boksi, nijulishe, kwa sababu rodi hizo mbili zikiacha kulala sambamba kila shimo litageuza usukani mikononi mwako.

Boksi lenyewe lina mambo mawili kabla ya ile skrubu. La kwanza ni boliti zinazolishika kwenye chasisi: shika boksi kwa kiganja, utasikia kama linasogea. La pili ni chasisi nyuma yake. Magari yanayopigwa na njia iliyojikunja kama bati, tena yenye matairi mapana, chasisi hupasuka pale boksi lilipofungwa. Ufa ni mwembamba kama unywele, unaanzia kwenye tundu la boliti, na mara nyingi unaona mstari wa kutu ukitoka ndani ya rangi kabla ya kuuona ufa wenyewe. Piga brashi ya waya hapo, mulika kwa pembeni. Ukiuona, gari lisitembee. Huo si ufa wa kupakia welding juujuu. Unachimbwa, unachomelewa na mtu anayejua chasisi, halafu unawekewa bamba.

Na sasa ile skrubu. Juu ya boksi kuna skrubu yenye nati ya kufungia, na kwa sababu inafikika kwa spana moja na bisibisi, imekuwa dawa ya kila kitu. Ndani ya boksi kuna meno mawili yanayokutana, la shafti ya juu na la mkono unaoshuka chini, na kiwandani yalichongwa yabane kidogo zaidi katikati, gari likiwa limenyooka, na yalegee kidogo pembeni. Meno ya katikati ndiyo yanayolika zaidi kwa sababu ndiyo yanayofanya kazi siku nzima. Fundi akikaza skrubu ile magurudumu yakiwa yamekatwa, au akaikaza mpaka plei ya bushi na boljointi ifichike, ukirudi katikati meno yanabanana mpaka yanasagana. Hicho ndicho kinachokufanya urudishe usukani kwa mkono. Na meno yakiendelea hivyo, ndipo boksi litakapokufa kweli, utanunua jingine kwa kosa la bisibisi.

Likirekebishwa ifanyike hivi: rodi ichomolewe kwenye mkono wa boksi ili boksi libaki peke yake, usukani uhesabiwe mizunguko kutoka mwisho hadi mwisho na kurudishwa nusu kamili, halafu skrubu ilegezwe mpaka plei isikike mkononi, ikazwe kidogokidogo mpaka plei hiyo iishe, na iishie hapo. Nati ya kufungia ikikazwa, skrubu ishikwe isizunguke nayo. Kisha usukani uzungushwe taratibu mwisho hadi mwisho; ukisikia unakwama katikati, imezidi. Kama baada ya hapo bado kuna plei kubwa katikati na pembeni hakuna, basi boksi limekwisha na nitakubaliana na waliokuambia ununue. Siyo kabla.

Kimebaki kitu kimoja upande wa kulegea, nacho ni gurudumu lenyewe. Nyanyua upande mmoja, weka stendi au gogo gumu chini ya ekseli, usimwamini jeki peke yake hata kwa dakika moja. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki na uendelee kutikisa. Plei ikipotea breki ikikanyagwa, ni beringi za habu, pale katikati gurudumu linapozungukia. Ikibaki vilevile, ni beringi za kingpini, zile mbili ndogo za juu na chini ambazo gurudumu hukatia kona. Jaribio hili ni la bure na linaamua kesi ambayo watu huifungulia gari zima. Beringi za kingpini hufa kimyakimya kwa magari yanayovuka maji: sili ya nyuma ya nako, kile kiungo cha mwisho wa ekseli kinachogeuka na gurudumu, ikipasuka, maji na mchanga huingia, grisi hugeuka uji wa kijivu, na beringi huliwa alama za mistari palepale gari linaponyooka. Ndiyo maana gari hilo hupenda kukaa kwenye mfereji wake mdogo na kuuruka ukilisahihisha. Zikibadilishwa, mkazo wake hupimwa kwa mizani ya kuning'iniza, kama hii ya wauza samaki, ukivuta mkono wa nako na kusoma kilo zinazohitajika kuanza kuuzungusha. Kipimo kiko kwenye kitabu cha gari na hupatikana kwa kuongeza au kupunguza shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi. Anayezikaza kwa makadirio atakurudishia gari lenye usukani mzito, usiorudi, na utadhani ni boksi tena.

Hapo kulegea kumekwisha. Sasa kutangatanga, na hapa umenipa mwenyewe ufunguo uliposema gari husumbua zaidi likirudi tupu.

Chukua baiskeli ya nyumbani uitazame kwa ubavu. Uma wa mbele haukusimama wima. Umeegemea nyuma, kuelekea kwa mpandaji. Kwa hiyo gurudumu linagusa ardhi nyuma kidogo ya pale ambapo mstari wa uma ungegusa, nalo linafuata, kama mkokoteni unavyomfuata anayeuvuta. Ndiyo sababu kijana anaweza kuachia mikono yote miwili na baiskeli ikanyooka. Gari lako lina uma huo pia, ila hauonekani: ni mstari unaopita kwenye beringi ya juu na ya chini ya kingpini. Kiwandani waliuegemeza nyuma kwa digrii chache tu. Tunaiita kasta. Ikiwepo, usukani unarudi wenyewe baada ya kona na gari linashika njia. Ikipungua, usukani unakuwa mwepesi, hauna hisia, na gari linafuata kila mkunjo wa lami.

Ekseli yako ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu inayotoka kwenye ekseli na kwenda nyuma hadi kwenye chasisi. Ulipoinua chasisi kwa koili ndefu, ncha ya nyuma ya mikono hiyo ilipanda, na ekseli nzima ikabingirika kwenda mbele. Inchi mbili zinakula kama digrii moja na nusu mpaka mbili. Hiyo ni sehemu kubwa ya kasta uliyokuwa nayo. Halafu ukaongeza vyuma viwili nyuma. Kwenye pikapu ya kabini moja ya namna hiyo, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 3180. Kwa urefu huo, kila milimita 55 ambazo mkia umepanda, gari zima limeinamia mbele digrii moja, na kasta inapungua digrii nyingine. Ukipakia magunia, mkia unashuka, digrii ile inarudi, gari linatulia. Ukishusha mzigo ghalani Mtwara, mkia unapanda juu, na unarudi Tandahimba na gari lisiloshikika. Hakuna boljointi wala boksi linaloweza kujua kama umebeba mzigo au hukubeba, kasta inajua.

Dawa ziko mbili. Ya bure ni kutoa chuma kimoja kati ya viwili ulivyoongeza nyuma, uendeshe wiki moja. Mimi ningeanza na hiyo. Ya pili ni kubadilisha bushi za mikono ile ya ekseli na kuweka zenye tundu lililokaa kando, ambazo huirudisha ekseli nyuma kwa digrii mbili hivi. Zinauzwa kwa ajili ya magari yaliyonyanyuliwa kama lako. Zikipachikwa, alama iliyo juu yake ikague wewe mwenyewe, kwa sababu nimeona zimewekwa kinyume, na gari likawa baya mara mbili ya mwanzo. Bushi za zamani nazo zitazame zinapotoka: zikiwa zimepasuka, ekseli ilikuwa inajikunja kila ukikanyaga breki.

Matairi usiyasahau. Watu wa kwetu wakishuka mchangani kama kule Msimbati hupunguza upepo, na ni sahihi kabisa, halafu hurudi lamini na upepo uleule. Tairi laini linatangatanga. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, kushoto na kulia sawa, na kama matairi ya mbele yameliwa pembeni au yana meno ukipitisha kiganja, hamishia ya nyuma mbele ujaribu tena. Kama uliweka spesa au rimu zilizotokeza nje, zitoe. Shokapu ya stelingi ibadilishe kama inavuja, lakini usitegemee iponye chochote. Inapunguza mitikisiko tu, na ikiwa mpya sana inaweza kuficha panhadi mbovu kwa miezi.

Nyuma nako kuna jambo linalosahaulika. Kila springi ya nyuma ina sentabolti inayoishikilia ekseli mahali pake, na yubolti zinazobana. Wewe uliongeza vyuma. Kama sentabolti ilikatwa fupi, au yubolti zilirudishwa bila kukazwa tena baada ya safari za kwanza, ekseli ya nyuma inaweza kusogea upande mmoja, na gari likaanza kuongozwa na nyuma. Dalili yake haifanani na nyingine: ukikanyaga mafuta gari linavuta upande huu, ukiachia linavuta ule. Chukua kamba ya wavuvi isiyovutika, pima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi ya nyuma, kushoto kisha kulia, magurudumu yakiwa yamenyooka. Tofauti ya milimita chache si kitu. Ukipata sentimita nzima, ingia chini ya springi.

Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, iwe ya mwisho, siyo ya kwanza. Kupima gari lenye bushi zilizokwisha ni kupima kitu kinachosogea. Na kwa ekseli kama yako unaweza kujipimia: nyanyua mbele, zungusha kila tairi ukiligusisha msumari ulioshikwa imara ili uchore mstari mmoja katikati, shusha, lisukume gari mbele mita chache litulie, kisha pima kutoka mstari hadi mstari kwa mbele ya matairi na kwa nyuma yake, usawa wa habu. Mbele iwe sawa na nyuma au pungufu kwa milimita 1 hadi 3. Ikiwa mbele ni pana kuliko nyuma, hiyo peke yake inatosha kulitangatangisha gari.

Kwa hiyo wiki hii: boksi lirudishwe kwenye mkazo wake halali, panhadi na kingpini zikaguliwe kama nilivyoeleza, na chuma kimoja cha nyuma kitoke. Ukimaliza, lijaribu likiwa tupu, kutoka Mnivata mpaka Nanguruwe, asubuhi kabla ya magari mengi, mwendo wa 60 kwanza na kisha 80, bila upepo mkali wa pembeni. Halafu niandikie mambo matatu. La kwanza, urefu kutoka ardhini hadi chasisi mbele na nyuma, gari tupu. La pili, plei ya usukani kwa milimita, injini ikiwaka. La tatu, ulipokanyaga breki gurudumu likiwa juu, plei ilipotea au ilibaki. Nikiwa na hayo nitakuambia kama zile bushi za kasta unazihitaji au chuma kilichotoka kimetosha.